Najuta, nasikitika au natubu? Pima neno kabla ya kutuma barua

Jumatatu moja asubuhi aliingia mzee mmoja kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapaji, ninakofanyia kazi nyuma ya River Road, Nairobi, akanipa simu yake nisome. Alikuwa ameandika barua ya kumpelekea kaka yake mkubwa. Hawakuwa wamesemezana tangu ploti yao ya Ruai iuzwe. Mstari wa kwanza ulisema: "Kaka, nasikitika kwa yaliyotokea kuhusu ploti." Wa mwisho ulikuwa na neno moja tu: "Pole."

Nikamuuliza, "Mzee, ploti iliuzwa na nani?"

Akakohoa kidogo. "Na mimi."

"Kaka alijua?"

"Alijua baadaye."

"Basi 'nasikitika' hapa haitoshi. Andika 'najuta'."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa bili asiyoitarajia. "Mwalimu, si ni yaleyale?"

Si yaleyale. Wateja huniita mwalimu kwa sababu siwezi kuchapa kosa nikalinyamazia. Katika meza hii nimechapa tanzia, barua za kujiuzulu, barua za wapenzi waliokosana na barua za wafanyakazi walioitwa na meneja wajieleze. Neno linalowaponza wengi ni hili la kueleza uchungu wa moyo juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Kiswahili kinayo maneno hayo tele, na mtu huchukua la kwanza linalomjia mdomoni.

Aliyetenda ni nani?

Kipimo changu ni swali hilo moja. Anayesikitika anaweza kuwa mtu yeyote: jirani, mpita njia, msikilizaji wa redio. Anayejuta ni lazima mkono wake uwe mle ndani. Alitenda, au alipaswa kutenda akakaa kitako.

Ziweke sentensi hizi mbili ubavu kwa ubavu:

Nasikitika kwamba mvua iliharibu harusi yenu.
Najuta kwamba mvua iliharibu harusi yenu.

Ya kwanza ni ya mgeni mwenye adabu. Ya pili ni ya mganga wa mvua aliyekosea hesabu zake. Kama wewe ndiwe uliyekaa kwenye kamati ukashikilia harusi ifanyike Aprili, wakati Nairobi nzima inajua Aprili ni masika, hapo unayo haki ya kujuta: "Najuta kuwashauri mchague Aprili." Huijutii mvua. Unajutia ushauri wako.

Siku moja kijana aliniletea tanzia ya nyanya yake, ameiandika mwenyewe kwa kalamu. Ilianza: "Kwa majuto makubwa, tunatangaza kifo cha mpendwa wetu..." Nilisimamisha vidole kwenye kibodi. Mtu akisoma vile atauliza mlimfanya nini huyo nyanya. Nikambadilishia: "Kwa masikitiko makubwa". Kijana aliposoma tena alicheka, kisha akaona haya kucheka, msiba ulikuwa bado mbichi. Hakukosea kwa kukosa huzuni, alikuwa nayo tele. Alitafuta neno zito kuliko yote, akashika zito la aina nyingine.

Barua za ofisi nazo hufuata njia hiyohiyo. "Tunasikitika kukujulisha kwamba ombi lako la kazi halikufaulu." Hakuna ofisi iliyowahi kuandika "tunajuta kukujulisha", maana ofisi haioni kosa lake katika kukunyima kazi. Ikikuandikia "tunajuta kukuajiri", hilo ni jambo jingine, na bora utafute wakili.

Lakini asije mtu akadhani kusikitika ni neno jepesi. Masikitiko yanaweza kumlaza mtu kitandani. Unaweza kumsikitikia mwenzako, yaani ukabeba uchungu wake kama wako. Huwezi kumjutia mwenzako kwa maana hiyo. Ukisema "namjutia", tayari umemlaumu: unajuta kwamba uliwahi kumjua. Watangazaji hutupa "habari za kusikitisha" kila jioni. Habari za kujutisha hawana, kwa sababu majuto hayatangazwi kwa umma mzima. Kila mtu ana yake.

Kujuta, kwa karibu

Kitenzi hiki ni kifupi na kina masharti. Kikifuatwa na kitenzi kingine, mtendaji wa vyote viwili ni mmoja: najuta kuuza, najuta kumwamini, najuta kutokwenda hospitali mapema. Jaribu "najuta yeye kuniacha" usikie kinavyokwama kooni. Hapo pa kusema ni "nasikitika ameniacha", au, kama ulimfukuza mwenyewe, "najuta kumwacha aende".

Kujuta na kujutia navyo si pacha kamili. Kujuta hukaa peke yake: "Nimejuta." Kujutia hudai kitajwe kinachojutiwa: najutia uamuzi wangu, naijutia siku ile, ninayajutia maneno niliyokutamkia mbele ya watoto. Katika barua ya kuomba msamaha mimi huchagua kujutia, kwa sababu kinamlazimisha mwandishi kutaja kosa kwa jina. "Nimejuta" pekee ni mlango uliofunguliwa nusu. Msomaji atauliza: umejuta kutenda, au umejuta kukamatwa?

Mitaani neno hili lina maisha yake mengine. "Utajuta!" ni kitisho, na "utajuta kunijua" ni kitisho kilichovaa koti. Kisha ukishuka Gikomba unasikia kitenzi kilekile kikiuza mitumba: "Chukua hii, mama, hutajuta." Ndani ya matatu, makanga akipandisha nauli kwa sababu ya matone mawili ya mvua, abiria wa nyuma huguna: "Nimejuta kupanda hii." Hakuna moyo uliovunjika hapo, ni shilingi hamsini. Mimi sina ugomvi na matumizi hayo, lugha hutembea na wenye kuitumia. Ila yanalichakaza neno, na mtu mwenye jambo zito la kusema akilitumia bila nyongeza, huenda likasikika kama la yule wa matatu. Dawa yake ni kutaja tendo.

Methali nayo isomwe polepole. "Majuto ni mjukuu, huja kinyume." Wengi huikariri mpaka hapo bila kujiuliza mjukuu ameingiaje. Kinyume hapa ni nyuma, baadaye. Mjukuu hawezi kuzaliwa kabla ya babu. Kwanza babu, kisha mtoto, kisha yeye. Kwa hiyo kuna tendo, kuna matokeo ya tendo, na majuto ni kizazi cha tatu. Aliyetunga methali hii hakuwa akimkemea mtu tu, alikuwa akieleza mpangilio wa wakati. Ndiyo maana kuna "utajuta", lakini ni nadra kumsikia mtu akiamuru "juta!" Majuto hayaamriki. Husubiriwa.

Mwili pia una namna yake ya kulisema neno hili. Mtu "hujiuma kidole", au "hushika tama", kiganja shavuni, macho kwenye sakafu. Kujiuma kidole ni majuto moja kwa moja. Kushika tama kunaweza kuwa huzuni ya kawaida, au deni la kodi ya nyumba.

Neno la mfalme, Ikulu

Kuna siku tofauti hii ilikuwa ya taifa zima. Jumanne tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alisimama kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi akazungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya wakati wa kupigania uhuru, yaani miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Alisema makosa ya zamani yanaleta huzuni kubwa mno, kisha akaongeza neno la Kiingereza, "regret", ambalo tumbo lake ni pana: linabeba masikitiko na majuto kwa pamoja. Alisema pia kwamba hapawezi kuwa na kisingizio. Msamaha hakuomba.

Mwingereza anaweza kulitamka neno lile na kila msikilizaji akachukua maana anayoitaka. Mfasiri wa Kiswahili hana bahati hiyo. Lazima achague, na akichagua amehukumu. Akiandika "majuto", amemfanya mfalme akiri kwamba mkono ulikuwa wa kwao. Akiandika "masikitiko", amemweka mfalme pamoja na sisi wengine tunaosikitika tukiwa tumeketi pembeni.

Mimi ningeandika masikitiko, na sina kusita. Sababu ni jinsi sentensi yake ilivyojengwa: makosa yapo, huzuni ipo, lakini hakuna "tulitenda" inayounganisha huzuni hiyo na makosa hayo. Miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alikuwa ametumia neno la ukoo huohuo bungeni London, akitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai kuteswa. Alikubali kwamba mateso yalitendeka. Katika hotuba hiyohiyo alisema serikali yake inaendelea kukana dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Fedha zilitoka, na mnara wa kumbukumbu ya walioteswa ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, lakini kwa sarufi yetu hayo bado ni masikitiko. Kumpa mtu majuto ambayo hakuyatamka ni kumvika kanzu asiyoishona.

Linganisha na tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipolihutubia Bunge hapa Nairobi. Alitoa msamaha kwa niaba yake mwenyewe, serikali yake na serikali zote zilizotangulia, kwa makosa yote waliyotendewa wananchi huko nyuma. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kilichofuata, nami ninayo yangu. Lakini kwa upande wa neno, mfasiri hakupata shida: mwenye kutenda alitajwa, na kinachoombwa kilitajwa.

Kutubu ni safari, kujuta ni kituo

Saa ya chakula cha mchana, pale bustani ya Jeevanjee, wahubiri hushika vipaza sauti wakaita: "Tubuni!" Hawaiti "Juteni!" Nimeeleza sababu: majuto hayaamriki. Toba inaamrika, kwa kuwa ni kitendo. Ni kugeuka.

Tofauti hii imewekwa wazi kabisa katika tafsiri ya Biblia inayosomwa sana hapa kwetu, ile ya 1952. Yuda alipoona Yesu amehukumiwa, imeandikwa kwamba "alijuta", akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Hakuandikiwa kwamba alitubu. Alikuwa na uchungu, alirudisha hata pesa, lakini njia yake iliishia kwenye uchungu huohuo. Na katika Mwanzo, pale Mungu anapoona uovu wa wanadamu aliowaumba, wafasiri walikwepa neno kujuta, wakaandika kwamba "akaghairi", kisha akahuzunika moyo. Kughairi ni kubadili nia. Hakuna lawama ndani yake. Ukighairi safari ya Mombasa hujakosea kitu, umeamua kubaki tu. Naliheshimu sana jicho la aliyechagua neno lile.

Waislamu nao wana hesabu yao, na ni safi. Masheikh hufundisha kwamba toba ina masharti: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi ilimgusa mtu, linaongezeka la nne: kumrudishia haki yake, au kumwomba akusamehe. Kwa hesabu hiyo kujuta ni sharti moja ndani ya toba, si toba nzima. Wakatoliki wana neno kitubio, lililotoka kwenye tubu hiyohiyo, na wana kuungama, ambako ni kulitoa kosa kwa mdomo mbele ya padre. Unaweza kuungama bila kujuta. Watoto wa shule wanalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo ukimwandikia bosi au jirani, acha "natubu". Inapeleka jambo mbele ya Mungu, na jirani anaweza kuhisi umemruka. Kama kuku wake ndiye aliyechinjwa, mjutie kuku na umlipe.

Kabla sijatoka hapa, kuna "moyo unanisuta", au "dhamiri inanisuta". Wasioijua pwani hulitumia bila kulionja. Kusuta ni kumwendea aliyekusengenya, tena mbele ya mashahidi, ukamwuliza uso kwa uso: ulisema au hukusema? Ni aibu kubwa kusutwa. Sasa fikiria anayekusuta ni moyo wako mwenyewe, saa nane za usiku, na hakuna mlango wa kutokea. Neno hili linakaa kati ya kujuta na kuona haya, na kwa mtu ambaye bado hajakiri mbele ya wengine, linamfaa kuliko yote.

Pole, samahani, niwie radhi

Hapa ndipo Nairobi inapogombana na pwani. Ukikanyagwa mguu kwenye foleni ya matatu, aliyekukanyaga atakwambia "pole", au "sori". Mtu wa Mombasa au wa Zanzibar akisikia ile "pole" hushangaa: wewe umenikanyaga, kisha unanipa pole kama uliyepita njia ukanikuta nimeumia? Kwao pole hutolewa na asiye na hatia, ikampoze aliyepatwa. Mwenye hatia husema "samahani" au "nisamehe". Hata methali inalijua hilo: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nairobi imeamua kivingine, na pole yetu sasa inafanya kazi mbili. Sitaikemea. Nimezaliwa nayo, na mguu wangu umekanyagwa mara nyingi kiasi cha kujua kwamba sauti huonyesha ni ipi kati ya zile mbili. Kwenye karatasi lakini hakuna sauti. Ukiandika pole kwa mtu uliyemkosea, na mtu huyo ana nia ya kutafuta sababu, ataipata: "Ananipa pole kama jirani."

Samahani nayo imekuwa nyepesi kwa sababu ya kutumika kila mahali. "Samahani, steji ya Kayole iko wapi?" Hakuna kosa hapo, ni kubisha hodi tu. Kwa jambo zito ni bora useme "naomba unisamehe", kwa sababu hiyo inampa mwenzako uwezo wa kukubali au kukataa. "Niwie radhi" ina heshima zaidi, na ndani yake kuna radhi, neno ambalo kwa wazazi lina uzito wa baraka. Kuomba radhi kwa mama ni kuomba arudishe ule ukunjufu wake, si kufuta tukio tu. Kunradhi ni ya barazani, safi na yenye adabu, lakini haibebi mzigo mkubwa.

Angalia kwamba haya yote yanaelekea kwa mwingine. Kujuta kunaelekea ndani. Unaweza kuomba msamaha bila kujuta, kama tufanyavyo tukitaka amani ya haraka nyumbani. Na unaweza kujuta maisha yako yote bila kuomba msamaha, ama kwa kiburi, ama kwa sababu uliyemkosea amelala Lang'ata makaburini.

Ningejua, ningalijua

Majuto mengi hayasemwi kwa kitenzi kujuta kabisa. Husemwa kwa kiambishi. Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, na -ngali- ni ya lile ambalo mlango wake umekwisha kufungwa:

Ningejua anapoishi, ningemtembelea.
Ningalijua ni mgonjwa, ningalimtembelea.

Ya kwanza bado ina matumaini. Nipe anwani niondoke sasa hivi. Katika ya pili, mgonjwa ama amepona ama amezikwa. Nairobi tumeviunganisha vyote kuwa -nge-: "Ningejua singeuza." Tukieleweka ni kwa sababu ya muktadha, na mwenye -ngeli- naye yupo katikati, anasikika kila siku. Kwenye mazungumzo sijali. Kwenye barua ya majuto najali mno, kwa sababu -ngali- inasema jambo ambalo mwandishi huogopa kulisema: kwamba anajua haliwezi kurudi. "Ningalikuuliza kwanza, nisingaliuza." Hapo hakuna ahadi wala kujitetea. Ila usivichanganye, ukaanza na -nge- ukamaliza na -ngali-. Msomaji makini atahisi ngazi imekosa kidato.

Mbele ya vyote unaweza kuweka "laiti", iliyotufikia kutoka Kiarabu. Laiti ningalijua. Ni neno zuri na hatari. Likitumika mara moja linachoma. Likitumika mara tatu kwenye ukurasa mmoja, barua inakuwa taarabu.

Mbele ya hakimu

Hili ni fupi, lakini linaweza kukugharimu. Katika mahakama zetu, Makadara au Milimani, mshtakiwa anaposomewa mashtaka huulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapo si mahali pa "najuta" wala "nasikitika". Kama unakana, kana. Neno "najuta" likitangulia litasikika kama kukiri, kwa sababu ileile ya mwanzo: anayejuta alitenda. Wakati wake ni baadaye, baada ya mtu kupatikana na hatia na kabla ya hukumu, anapopewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Kujutia kosa ni kati ya mambo ambayo hakimu huweza kuyapima wakati huo. Na hapo, "nasikitika kwa yaliyotokea" husikika kama ya shahidi. "Najutia nilichomfanyia mlalamishi" husikika kama ya mtu aliyeelewa kwa nini yuko kizimbani.

Kuna mengine ambayo watu huniomba niyatumie ili barua ionekane nzito: simanzi, majonzi, jitimai, kihoro. Yote ni ya huzuni, hayana kosa ndani yake. Kihoro ni ile huzuni ya kupotewa inayoweza kumuua mtu. Jitimai ni ya mashairi. Ukiiweka kwenye barua ya kuchelewa kazini, meneja atafikiri umefiwa.

Tukarudi kwa mzee wangu wa ploti. Alivuta kiti, akasema yeye nami nikachapa. Ilituchukua karibu saa nzima kwa mistari sita. "Kaka, najutia kuiuza ploti ya Ruai bila kukuuliza. Ulikuwa umeilipia kuliko mimi. Ningalikuuliza ungalikataa, na ungalikuwa na haki. Naomba unisamehe. Pesa iliyobaki nitakuletea mwenyewe nyumbani." Kwenye "ungalikuwa na haki" alinyamaza kwa muda, akaomba niitoe, kisha akaomba niirudishe.

Nikafika mwisho, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. "Na hii 'pole', mzee, tuiondoe. Wewe ndiwe uliyemkosea."

"Iache," akasema. "Tukiwa wadogo Mathare, akiniangusha aliniambia pole. Nikimwangusha nilimwambia pole. Samahani tuliikuta shuleni."

Nikachapisha nakala moja. Alilipa shilingi kumi, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Pole ilibaki palepale, mstari wa mwisho.